Nani Anachelewa Kulipa? Jinsi ya Kuchora Chati ya Asilimia kwa Kompyuta

Vikundi vingi siku hizi vinajua kuweka rekodi. Daftari lipo, mweka hazina anaandika, risiti zinakatwa. Shida huanza kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka, wakati wanachama wanataka kujua kama pesa za mikopo zinarudi vizuri au la. Mmoja anasimama na namba zake, mwingine anamjibu kwa namba zingine, na kabla ya chai kuletwa watu wameshakosana. Ajabu ni kwamba mara nyingi namba za wote wawili ni za kweli.

Tuchukue mfano tulioutunga ili tufundishane. Kikundi cha kukopeshana kina wanachama kutoka sehemu mbili za kijiji: walio juu ya mlima, na walio chini karibu na mto. Tuwaite Juu na Chini. Kila aliyekopa hulipa mara moja kwa mwezi. Mwisho wa mwaka katibu anapekua daftari na kuhesabu malipo yaliyochelewa. Ya Juu ni 22. Ya Chini ni 45. Basi mtu anatoa hoja: watu wa Chini wamezidi, mikopo yao ya mwaka ujao ipunguzwe nusu. Mikono inainuliwa, hoja inapita, na mama wa Chini aliyetegemea mkopo huo kununua mbegu na mbolea kabla ya mvua ya Machi anarudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza. Malipo yote yalikuwa mangapi?

Chini kuna watu wengi, na wanakopa sana. Mwaka huo walikuwa na malipo 125. Juu walikuwa na malipo 40 tu. Sasa gawanya. 45 kwa 125 ni 0.36, yaani katika kila malipo 100 ya Chini, 36 yalichelewa. 22 kwa 40 ni 0.55, yaani katika kila malipo 100 ya Juu, 55 yalichelewa. Kumbe waliokuwa wakichelewa zaidi ni watu wa Juu, wale walioinua mikono!

Marudio na asilimia

Mara ngapi jambo limetokea, hiyo huitwa marudio. 45 ni marudio, 22 ni marudio. Ukiyagawanya kwa jumla ya kundi lake, unapata marudio linganishi, ambayo watu wengi huyajua kwa jina la asilimia. Marudio matupu yanafaa kwa kazi fulani. Kama mnapanga ni simu ngapi za kuwakumbusha watu zitapigwa, mnahitaji kujua kwamba ni 22 na 45. Lakini mkitaka kulinganisha makundi mawili yasiyo na ukubwa sawa, marudio matupu yatawapotosha karibu kila mara, kwa sababu kundi kubwa huwa na wingi wa kila kitu: wengi wanaochelewa, na pia wengi wanaolipa kwa wakati.

Hata namba za serikali zinahitaji kuangaliwa hivyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Wanawake walikuwa 24,014,716 na wanaume 23,548,056, na huntha 1,524. Wanawake waliwazidi wanaume kwa watu 466,660. Ukisikia hivyo tu unaweza kufikiri wanaume wamekwisha. Geuza iwe asilimia: wanawake 50.5, wanaume 49.5. Tofauti ni kama moja kwa mia.

Anzeni na kalamu

Kabla ya kukimbilia kompyuta, mwelewe kazi yenyewe kwa mkono. Kompyuta hufanya haraka kile mtu anachokijua, na pia hukosea haraka pale mtu asipojua.

Kwanza mkubaliane mafungu. Kusema "amechelewa" peke yake hakutoshi, kwa sababu anayechelewa siku 2 na anayechelewa miezi 2 si sawa. Katika mfano wetu tumeweka mafungu matano: kwa wakati, siku 1 hadi 7, siku 8 hadi 14, siku 15 hadi 30, na zaidi ya siku 30. Angalieni kwamba fungu la pili linaishia 7 na la tatu linaanzia 8. Mkiandika "1 hadi 7" halafu "7 hadi 14", aliyechelewa siku 7 atahesabiwa wapi? Katibu mmoja atamweka huku, mwingine atamweka kule. Kila malipo lazima yawe na fungu moja, na moja tu.

Kisha mpitie daftari mstari kwa mstari mkipiga vijiti, vinne vya kusimama na cha tano kikivikata, kama tulivyofundishwa shuleni. Mmoja asome, mwingine apige vijiti, wa tatu aangalie. Mkimaliza mtapata jedwali kama hili:

| Kuchelewa | Juu | Chini |
|---|---|---|
| Kwa wakati | 18 | 80 |
| Siku 1 hadi 7 | 8 | 20 |
| Siku 8 hadi 14 | 6 | 10 |
| Siku 15 hadi 30 | 4 | 10 |
| Zaidi ya siku 30 | 4 | 5 |
| Jumla | 40 | 125 |

Gawanya kila namba ya Juu kwa 40 na kila namba ya Chini kwa 125, uzidishe kwa 100. Juu utapata 45, 20, 15, 10 na 10. Chini utapata 64, 16, 8, 8 na 4. Kila safu ikijumlishwa lazima ifike 100. Kama hamna kompyuta kabisa, hapa mnaweza kuchukua daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba uwe asilimia 5, na mchore nguzo zenu kwa rangi mbili. Chati hiyo ni halali kabisa na wala haihitaji stima.

Sasa tuingie kwenye kompyuta

Programu tunayotaka ni ile ya lahajedwali, yaani karatasi ya hesabu ya kompyuta. Excel ndiyo inayojulikana sana kwenye saiba na maofisini. LibreOffice Calc ni ya bure na inafanya kazi hii bila shida. Google Sheets inapatikana hata kwa simu. Zote tatu zinafanana katika mambo tutakayoeleza. Kama hakuna kati yenu anayejua kutumia, mtafuteni kijana aliyemaliza kidato cha nne mwenye kujua kompyuta kidogo, lakini mama mweka hazina akae kando yake. Kijana anaijua mashine. Mweka hazina ndiye anayejua daftari.

Karatasi hiyo ina safu za kusimama zenye herufi A, B, C, na mistari ya kulala yenye namba 1, 2, 3. Pale safu na mstari zinapokutana pana kisanduku. Kisanduku cha safu ya G na mstari wa 2 kinaitwa G2. Hilo tu ndilo jina lake.

Katika mstari wa 1 andikeni vichwa. A1: Siku ya kulipa. B1: Siku aliyolipa. C1: Upande. D1: Siku za kuchelewa. Kuanzia mstari wa 2, kila malipo yawe na mstari wake. Malipo yetu ni 165, kwa hiyo yatafika mstari wa 166. Majina ya watu hayahitajiki hapa. Kwa wale wanaolipa kwa M-Pesa, tarehe iko kwenye ujumbe wa simu, na hiyo haina ubishi.

Tarehe ndizo husumbua watu sana, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kompyuta nyingi zimewekwa mtindo wa Marekani, ambao hutanguliza mwezi. Ukiandika 5/3/2024 ukimaanisha tarehe tano Machi, yenyewe inaelewa tarehe tatu Mei, na haikuambii. Ukiandika 13/3/2024 inashindwa kabisa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13, na inaiacha kama maneno tu. Njia salama ni kuandika mwezi kwa herufi, 5-Mar-2024. Hapo hakuna kuchanganyikiwa.

Katika D2 andika:

=MAX(0,B2-A2)

Maana yake: toa siku aliyopaswa kulipa kutoka kwa siku aliyolipa, na kama alilipa mapema, andika 0 badala ya namba iliyo chini ya sufuri. Kisha nakili kisanduku hicho hadi chini kwa kuvuta ile nukta ndogo iliyo kwenye pembe yake. Kikikuonyesha tarehe ya ajabu badala ya siku, badilisha umbo lake liwe Number.

Hapa kuna mtego mkubwa, na tafadhali msiuruke. Je, yule ambaye hajalipa mpaka leo? Safu ya B kwake iko tupu. Kompyuta huchukua kisanduku kitupu kama sufuri, inatoa, inapata namba iliyo chini ya sufuri, na MAX inaandika 0. Yaani yule mwenye deni baya kuliko wote anaonekana amelipa kwa wakati! Kikundi kinaweza kujisifu mwaka mzima kwa sababu ya kisanduku kitupu. Dawa yake ni kuandika tarehe ya siku mliyofunga hesabu, tuseme 31-Dec, kwa kila ambaye bado hajalipa, na kukipaka kisanduku hicho rangi ili mkumbuke. Siku zake zitahesabiwa hadi hapo.

Kompyuta ihesabu vijiti

Sasa tengenezeni jedwali dogo pembeni. F1 andika Kuchelewa, G1 andika Juu, H1 andika Chini. Kuanzia F2 hadi F6 andika majina ya mafungu matano, na F7 andika Jumla. Andikeni "Siku 1 hadi 7" kwa maneno. Mkiandika 1-7 peke yake, kompyuta itadhani ni tarehe na kuigeuza. Wengi wameshangaa kuona fungu lao la kwanza limekuwa mwezi wa Januari au Julai.

Katika G2:

=COUNTIFS($C$2:$C$166,G$1,$D$2:$D$166,0)

Hii inasema: hesabu mistari yote ambayo upande wake ni sawa na ulioandikwa G1, na siku zake za kuchelewa ni 0. Katika G3:

=COUNTIFS($C$2:$C$166,G$1,$D$2:$D$166,">=1",$D$2:$D$166,"<=7")

G4 ni hiyo hiyo, ila namba ziwe 8 na 14. G5 ziwe 15 na 30. G6 inatosha kuandika ">30" mara moja. G7 ni =SUM(G2:G6). Kisha chagua G2 hadi G7 uzinakili kwenye safu ya H, na Chini itajihesabu yenyewe. Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato pale tulipoweka koma. Ikikataa moja jaribu nyingine.

Ile alama ya dola wengi huiogopa, lakini haihusu pesa. Ni kufuli. Ukinakili kanuni kwenda chini au kando, kompyuta husogeza majina ya visanduku pamoja nayo. Dola inaiambia isisogeze. Katika $C$2 tumefunga safu na mstari. Katika G$1 tumefunga mstari peke yake, ili tukienda kando ibadilike kuwa H$1.

Kabla ya kuendelea, angalieni jumla. G7 lazima isome 40 na H7 isome 125, sawa na vijiti vyenu. Kama ni pungufu, kuna mstari umepotea. Mara nyingi ni kwa sababu mtu aliandika "Juu" na nafasi moja mbele yake isiyoonekana kwa macho, au aliandika "Jui". Kompyuta haina huruma kwa makosa kama hayo. Herufi kubwa na ndogo haijali, lakini nafasi inajali.

Kugawanya kwa jumla iliyo sahihi

Katika I1 andika "Juu (malipo 40)" na J1 "Chini (malipo 125)". Sababu ya kuandika idadi hapo mtaiona baadaye. Katika I2 andika:

=G2/G$7

Nakili hadi I6, kisha nakili zote tano kwenda safu ya J. Chagua visanduku hivyo vyote na ubonyeze kitufe cha alama ya asilimia. 0.45 itakuwa 45%. Usizidishe kwa 100 wewe mwenyewe halafu ubonyeze tena kitufe, maana utapata 4500%, na mkutano utacheka.

Ukisahau ile dola ya G$7, I3 itagawanya kwa G8, ambacho ni kisanduku kitupu, na utaona #DIV/0! Hilo ni kosa zuri, kwa sababu linapiga kelele. Kosa baya ni lile linalonyamaza. Kuna watu hugawanya kila kitu kwa jumla ya wote, yaani 165. Wakifanya hivyo, waliolipa kwa wakati wa Juu wanakuwa kama asilimia 11, na wa Chini kama asilimia 48. Namba hizo si za uongo. Zinajibu swali lingine: katika malipo yote ya kikundi, ni kiasi gani yalikuwa ya Juu tena kwa wakati? Hakuna aliyeuliza hilo. Zimerudisha lile kosa la kwanza kwa mlango wa nyuma, kwa sababu Chini bado inaonekana kubwa kwa ajili ya wingi wake. Kwa hiyo kabla ya kugawanya jiulizeni: kati ya nini? Tunasema asilimia 45 kati ya malipo ya Juu. Kama huwezi kumalizia sentensi hiyo, bado hujajua unachohesabu.

I7 iwe =SUM(I2:I6), na J7 vivyo hivyo. Zote zisome 100%. Katika hesabu zingine, mkisoma asilimia bila desimali na kuzijumlisha kwa kichwa, mnaweza kupata 99 au 101. Hiyo ni kwa sababu ya kukadiria, msianze kutafuta mwizi.

Kuchora

Chagua F1 hadi F6. Shikilia kitufe cha Ctrl, halafu chagua I1 hadi J6. Msichukue mstari wa jumla, la sivyo mtapata nguzo ndefu ya 100% itakayofanya zingine zionekane kama vijiti vya kiberiti. Nenda Insert, kisha Chart, na uchague nguzo za kusimama zinazokaa sawia, ya Juu kando ya ya Chini, katika kila fungu. Basi, chati imekuja.

Chati ya nguzo si kitu kipya. Mskoti mmoja kwa jina William Playfair alichapisha moja mwaka 1786, kuonyesha biashara ya Scotland na nchi zingine. Huyo huyo ndiye aliyeleta chati ya duara mwaka 1801, ile wengine huita ya chapati. Mwandishi wa makala haya hapendi chapati kwa kazi hii. Kulinganisha Juu na Chini kungehitaji chapati mbili, na jicho halijui kupima kama kipande cha huku ni kikubwa kuliko cha kule. Nguzo mbili zilizosimama bega kwa bega, hata mtoto ataona iliyo ndefu.

Mambo machache ya kurekebisha. Hakikisheni kipimo cha kushoto kinaanzia sufuri; kikianzia 40, nguzo ya 45 itaonekana fupi mno mbele ya ya 64 na watu watadanganyika. Mpe chati jina linalosema jambo lenyewe, kwa mfano "Malipo ya mikopo kwa muda wa kuchelewa, kila upande kwa asilimia". Wino wa rangi ni ghali na saiba nyingi huchapa kwa nyeusi tu, kwa hiyo upande mmoja uwe mweusi na mwingine mweupe wenye mstari wa pembeni, badala ya nyekundu na kijani ambazo zote zitatoka kijivu.

Kwa simu, kuchagua safu zisizokaribiana ni kazi ngumu. Fungueni karatasi ya pili katika faili hiyo, mwandike mafungu kwenye A na asilimia kwenye B na C, zikiwa pamoja, kisha mchore kutoka hapo.

Kuisoma mbele ya mkutano

Chati ikibandikwa ukutani, watu wataona nguzo ya kwanza ya Chini, 64, imepita ya Juu, 45. Kuanzia fungu la pili mambo yanageuka: kila mahali pa kuchelewa, nguzo ya Juu ndiyo ndefu. Mwisho kabisa, zaidi ya siku 30, Juu ni 10 na Chini ni 4, ingawa kwa marudio matupu Chini walikuwa 5 na Juu 4.

Je, sasa hoja igeuzwe, Juu ndio wapunguziwe? Polepole. Malipo 40 ni machache. Kila malipo moja ya Juu ni asilimia 2.5 nzima, wakati moja ya Chini haifiki hata asilimia 1. Ndiyo sababu tuliandika idadi kwenye vichwa: anayesoma ajue nguzo hii imejengwa juu ya mangapi. Na tena, chati yetu inahesabu malipo, haihesabu watu. Yale malipo manne ya Juu yaliyopita siku 30 yanaweza kuwa ya mtu mmoja aliyelazwa hospitali miezi minne. Rudini kwa daftari muangalie. Tuseme ni hivyo, na mmtoe huyo: Juu wanabaki na malipo 36, yaliyochelewa 18, yaani asilimia 50. Bado ni zaidi ya 36 ya Chini. Basi mgonjwa huyo si sababu, na sasa mnaweza kusema hivyo bila kumsingizia.

Angalieni pia ni wapi uchelewaji umejaa. Katika malipo 22 ya Juu yaliyochelewa, 14 yalikuja ndani ya wiki mbili. Hao si watu waliokataa kulipa. Pengine wanauza majani chai na pesa zao huingia mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya tarehe ya kikundi, wakati wa Chini wanauza mboga sokoni kila wiki. Ikiwa ni hivyo, kusogeza tarehe ya kulipa kutafanya kazi kuliko faini. Chati haiwezi kuwaambia sababu. Lazima mwulize watu wa Juu wenyewe. Lakini inawaambia mwende kuuliza nani, na swali gani.

Jambo moja zaidi kuhusu mafungu. La nne lina siku 16 na la pili lina siku 7 tu. Kulinganisha Juu na Chini ndani ya fungu moja ni haki, maana wote wamepimwa kwa kikapu kimoja. Lakini msilinganishe fungu la nne na la pili mkasema watu wanapenda kuchelewa hivi kuliko vile. Kikapu kikubwa hubeba zaidi.

Wengine watasema, vizuri, lakini shilingi je? Mtu mmoja mwenye mkopo mkubwa anaweza kuumiza kikundi kuliko kumi wenye mikopo midogo. Ni kweli. Wekeni kiasi cha kila malipo katika safu ya E, na badala ya COUNTIFS mtumie:

=SUMIFS($E$2:$E$166,$C$2:$C$166,G$1,$D$2:$D$166,0)

Mengine yote, jumla, kugawanya na kuchora, ni yale yale, ila vichwani mwandike jumla ya shilingi badala ya idadi ya malipo. Chati mbili zikikaa kando kwa kando, ya malipo na ya shilingi, mkutano utakuwa na kitu cha kuzungumza. Zibandikeni bila jina la mtu yeyote. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, deni la jirani si la kubandikwa ukutani.

Mwaka ukianza, msifute karatasi ya zamani. Inakilini, mwipe jina la mwaka mpya, mfute tarehe na pande peke yake, na mbadilishe 166 iwe 1000 ndani ya kanuni zote ili mistari mipya isiachwe nje. Mistari mitupu haitahesabiwa, kwa sababu haina upande. Ile idadi ya malipo iliyo kwenye I1 na J1 ni ya kuandikwa kwa mkono, kwa hiyo mkumbuke kuibadilisha kila mnapochapa chati.